Sura ya Sita: Biti ya Thelathini na Mbili

Mwishoni mwa mwaka 2009 kerneli ya Linux, toleo la 2.6.32, ilipata uwezo mpya uitwao KSM. Kazi yake ni kupitia kurasa za kumbukumbu ambazo programu imeziombea huduma hiyo, kutafuta zile zenye yaliyomo yaleyale, na kuziunganisha ziwe ukurasa mmoja ili RAM isitumike mara mbili kwa kitu kimoja. Uliwafaa hasa wanaoendesha kompyuta pepe nyingi ndani ya seva moja. Ili kerneli ijue ni eneo gani la kumbukumbu limeombewa kuunganishwa, iliongezwa alama moja, ikaitwa VM_MERGEABLE, ikapewa thamani 0x80000000.

Mstari huo ulikaa zaidi ya miaka kumi na tano bila kuguswa. Mwaka 2025 syzkaller, chombo cha Google kinachoirushia kerneli maombi ya kubahatisha usiku na mchana ili kuona itaangukia wapi, kiliifanya isimame ghafla. Wahandisi walipofuatilia chanzo walifika kwenye thamani ileile ya mwaka 2009. Namba yenyewe ilikuwa sahihi, tarakimu kwa tarakimu. Kasoro ilikuwa kwenye aina yake.

Sura hii ni ya aina za namba kamili ndani ya msimbo unaosimamia kumbukumbu, na ya watu wanaokaa siku nzima wakibadilisha neno moja, faili baada ya faili, ili aina hizo zilingane. Wengi huiona kazi hiyo kama ufagizi. Mimi naishikilia kuwa ni kazi ya usalama kamili, yenye uzito sawa na ya yule anayegundua mwanya wa wadukuzi, na nitaeleza kwa nini.

Kompyuta haihifadhi namba isiyo na kikomo. Kila namba hukaa mahali penye idadi maalumu ya biti, na katika lugha ya C mwandishi wa programu ndiye anayetangaza mahali hapo ni pa aina gani. Akiandika int, kwenye kompyuta za leo amepata biti 32 zenye ishara: anaweza kuhesabu kuanzia hasi 2,147,483,648 hadi 2,147,483,647. Hesabu ikivuka namba hiyo ya juu, ndani ya kerneli inaangukia upande wa pili kabisa, kwenye hasi. Akiandika unsigned int, yaani isiyo na ishara, amepata kuanzia 0 hadi 4,294,967,295 na hana hasi. Katika Linux ya biti 64, long ina biti 64, upana unaotosha kuhesabu kila baiti ya kumbukumbu ya mashine yoyote iliyopo.

Mkanganyiko ulianza na uhuru ulioachwa kwa makusudi. Dennis Ritchie alipoitengeneza C katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, alifanya kazi kwenye PDP-11, mashine ambayo int yake ilikuwa na biti 16. Hakuufunga upana huo ndani ya lugha. Int ilitakiwa iwe na upana ambao mashine yenyewe inaufanyia kazi kwa wepesi. Kiwango rasmi cha mwaka 1989 kinadai tu kwamba int isipungue biti 16 na long isipungue 32. Uhuru huo uliisaidia C kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine kwa miongo mitano, na sina ugomvi nao. Ila gharama yake inalipwa mpaka leo.

Linus Torvalds alipoianza Linux mwaka 1991 huko Helsinki, kompyuta yake ilikuwa ya prosesa ya 386. Humo int ilikuwa na biti 32, long biti 32, na anwani ya kumbukumbu biti 32. Ukiandika int mahali panapostahili long, hakuna kilichoharibika, wala hakuna aliyekuona. Mazoea yakajengeka. Mwaka 1995 toleo la 1.2 likaja na uwezo wa kuendesha Alpha, mashine za kampuni ya Digital, ambamo long na anwani zilikuwa na biti 64 ilhali int ilibaki na 32. Kuanzia mwaka 2003 prosesa za AMD zikaileta hali hiyo kwenye kompyuta za kawaida. Microsoft nao, walipoipeleka Windows kwenye biti 64, waliamua long ibaki na 32, kwa hiyo hata leo neno hilo halina upana mmoja kila mahali.

Aliyewahi kupima mchele kwa vipimo vya pwani anajua kwamba pishi moja ni vibaba vinne, na ukiumimina mchele wa pishi ndani ya kibaba, robo tatu itamwagika. Kompaila ya C humimina, humwaga, na kwa kawaida haisemi neno.

Turudi kwenye alama. Programu inapoendeshwa, kerneli huigawia kumbukumbu kwa maeneo: eneo la msimbo wenyewe, eneo la data, la maktaba, la rundo la fanksheni zinazoitana. Mwenye Linux akifungua faili la /proc/self/maps atayaona maeneo hayo yamepangwa, kila moja na herufi zake: r kwa kusomeka, w kwa kuandikika, x kwa kutekelezeka. Ndani ya kerneli herufi hizo ni biti za namba moja inayoitwa vm_flags. Biti ya kwanza ikiwa 1, eneo linasomeka. Ya pili, linaandikika. Ya tatu, linatekelezeka. Ya nne, linashirikiwa na programu nyingine. Orodha inaendelea hivyo, alama baada ya alama, mpaka kwenye VM_MERGEABLE iliyopewa biti ya 32.

Namba hii si jambo la maabara. Android imejengwa juu ya kerneli hiihii, kwa hiyo simu iliyonunuliwa Kariakoo au Barabara ya Luthuli huisoma vm_flags kila programu inapofunguliwa na kila ukurasa wa kumbukumbu unapoguswa kwa mara ya kwanza. Alama moja ikiwaka pasipostahili, eneo lililofungwa linaandikika. Alama moja ikizimika, ulinzi unaondoka na mwenye simu hataonyeshwa onyo lolote.

Katika muundo wake rasmi vm_flags ilitangazwa kuwa unsigned long. Maana yake kulikuwa na nafasi ya alama 32 kwenye mashine za biti 32, na 64 kwenye mashine za biti 64. Lakini fanksheni zilizoipokea, zilizoinakili na kuipitisha kwa nyingine ziliitangaza kila moja kwa namna yake: hapa int, pale unsigned int, kwingine unsigned long. Kila mwandishi aliandika alichozoea. Mwaka 2011 mhandisi Mjapani, KOSAKI Motohiro, alipeleka kiraka kinachosahihisha mahali ambapo namba hiyo ilikuwa ikishikwa kama int. Torvalds alikipokea na kukibadilisha kidogo: badala ya unsigned long aliweka jina jipya, vm_flags_t, na akaacha maelezo mafupi kwamba jina hilo litaenezwa kwenye msimbo mwingine baadaye, kwa kuwa yalikuwapo mazungumzo ya kuipanua namba hiyo iwe na biti 64 kwenye mashine zote.

Jina jipya lilikuwa wazo zuri sana. Aina ikiwa na jina lake, siku upana wake unapotakiwa kubadilika unabadilisha mahali pamoja, na kila anayelisoma jina anajua ameshika nini. Ila jina hufaa likitumiwa na wote. Nusu ya msimbo ikisema vm_flags_t na nusu ikisema unsigned long, huwezi kuupanua upana bila kuvunja ile nusu ya pili. Kazi ya kulieneza ilikuja kufanywa kwa ukamilifu mwaka 2025, miaka 14 baadaye, na Lorenzo Stoakes, mmoja wa wasimamizi wa msimbo wa kumbukumbu, katika mfululizo wa viraka uliogusa faili nyingi bila kubadilisha tabia ya kerneli hata kidogo. Ukiupima kwa kilichoonekana kwa mtumiaji siku ile, haukufanya kitu. Mimi nauhesabu kati ya viraka vyenye manufaa zaidi vya mwaka huo.

Katika miaka hiyo 14 alama zenyewe hazikungoja. Biti 32 za kwanza zilijaa, na wageni wakaanza kupangwa ghorofa ya juu, kwenye biti ambazo mashine za 64 peke yake zinazo. Mwaka 2016 ziliingia funguo za ulinzi za prosesa za Intel. Mwaka 2021 iliingia alama ya userfaultfd, huduma nitakayoieleza punde, inayoitwa VM_UFFD_MINOR. Mwaka 2023 rundo kivuli, linalomzuia mdukuzi kugeuza njia ya programu. Mwaka 2024 mseal, inayoziba eneo ili ruhusa zake zisibadilike tena, na ambayo mashine za biti 32 zilikosa kwa sababu hazikuwa na biti ya kuiwekea. Karibu zote hizi ni za ulinzi. Kwa hiyo ghorofa ya juu ya vm_flags ikawa ndipo penye vitu ambavyo usingependa vipotee kimyakimya.

Sasa tuone vilivyopotea, maana mpangilio wake ni wa kipekee na unastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Kuzima alama moja katika namba yenye alama nyingi kuna njia yake. Unaichukua thamani ya alama hiyo, unaigeuza kwa kitendo cha ~, yaani kila 0 inakuwa 1 na kila 1 inakuwa 0, kisha unaikutanisha na vm_flags kwa &. Biti inabaki hai pale tu ambapo pande zote mbili zina 1. Kwa kuwa thamani iliyogeuzwa ina 1 kila mahali isipokuwa kwenye ile alama, alama hiyo peke yake inazimika na nyingine zinabaki zilivyokuwa. Kila mwandishi wa C anaijua njia hii kama jina lake.

Lakini alama imeandikwa kama namba tupu, mfano 0x40000000, na namba tupu katika C nayo ina aina. Kanuni inasema namba ya kizio cha 16 ikitosha ndani ya int, ni int. Thamani 0x40000000 inatosha. Ukiigeuza, biti ya 32, ambayo katika int ndiyo biti ya ishara, inakuwa 1, kwa hiyo namba imekuwa hasi. Ikikutanishwa na vm_flags yenye biti 64 inabidi kwanza ipanuliwe, na namba hasi ikipanuliwa huijaza nafasi mpya kwa 1 ili ibaki hasi ileile. Ghorofa ya juu yote ina 1, na alama zake zote zinabaki salama. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila alama kuanzia biti ya kwanza mpaka ya 31.

Alama ya biti ya 32 ni 0x80000000, sawa na 2,147,483,648. Imezidi uwezo wa int kwa moja tu. Hapo kanuni ya C inahamia kwenye aina inayofuata na kuifanya unsigned int. Ukiigeuza unapata 0x7FFFFFFF, ambayo haina ishara, na kisicho na ishara kikipanuliwa hujazwa 0. Ghorofa ya juu yote ni sufuri. Ukiikutanisha na vm_flags, umezima VM_MERGEABLE kama ulivyokusudia, na pamoja nayo umezima kila alama iliyo juu ya biti ya 32.

Alama nyingine zote zilizoandikwa kwa mtindo uleule ziko sawa. Hii moja tu, kwa sababu imesimama juu ya biti ya ishara, inafagia nusu ya namba. Ndiyo sababu mtu angeweza kusoma orodha nzima mara kumi na asishtuke: imeandikwa kama wenzake, kwenye safu ileile, kwa mkono uleule.

Mwaka 2009 haikuwa kasoro. Hapakuwa na chochote ghorofa ya juu cha kufagiwa. VM_UFFD_MINOR ilipoingia mwaka 2021 ndipo mtego ulipokamilika. Programu ikisajili eneo kwa userfaultfd, yaani ikiomba ishughulikie yenyewe kurasa zinazokosekana, kisha ikatoa ombi la kuacha kuunganisha kurasa, kerneli iliifuta alama ya userfaultfd bila mtu kuiagiza. Baadaye, wakati wa kusafisha, ilikuta eneo linalosema lina msimamizi wa userfaultfd lakini halina alama hata moja ya userfaultfd. Hali hiyo haitakiwi kuwepo kabisa, na kerneli iliyokuwa ikijaribiwa ilisimama ilipoiona. Kusimama huko ndiko syzkaller ilikokukamata. Kiini cha dawa kilikuwa kuitangaza VM_MERGEABLE upya kwa njia inayoifanya iwe unsigned long tangu mwanzo, ili ikigeuzwa igeuke biti zake zote 64.

Nimelikalia jambo hili kwa urefu kwa sababu lina somo ambalo hulioni katika makosa mengine ya programu. Mwandishi wa mwaka 2009 hakukosea. Mwandishi wa mwaka 2021 naye hakukosea. Aliongeza alama yake mahali palipokuwa wazi. Kosa lilizaliwa kati yao, katika makubaliano ambayo hayakuwahi kuandikwa, kwamba alama za eneo ni za upana huu na kila thamani inayozigusa iwe ya upana huohuo.

Hali kama hiyo, ila yenye hatari kubwa kuliko hii, ilifichuliwa Julai 2021 na kampuni ya usalama ya Qualys. Waliuita mwanya huo Sequoia. Linux hutoa habari nyingi kwa programu kupitia mafaili ya /proc, na msimbo unaoyaandaa huanza na kibweta kidogo cha kumbukumbu. Maandishi yasipotosha hukiongeza maradufu, na maradufu tena, mpaka yatoshe. Ukubwa wa kibweta ulishikwa katika aina inayoitwa size_t, isiyo na ishara na yenye biti 64. Mbele kidogo, fanksheni inayoandika njia ya folda iliupokea ukubwa huohuo kama int.

Miaka mingi tofauti hiyo haikumdhuru yeyote, kwa sababu kigawa kumbukumbu chenyewe kisingeweza kutoa kibweta kikubwa kiasi cha kuizidi int. Mwaka 2014 msimbo unaoandaa mafaili hayo uliboreshwa: ukishindwa kupata kurasa zilizopangana, uruhusiwe kuchukua zilizotawanyika. Ni uboreshaji halali na wenye faida. Lakini tangu siku hiyo kibweta cha gigabaiti 2 kiliwezekana. Watafiti wa Qualys walitengeneza folda ndani ya folda, karibu milioni moja, mpaka njia yake ikavuka gigabaiti 1 ya urefu, wakaifuta, kisha wakasoma orodha ya mahali palipopachikwa. Kibweta kikafika gigabaiti 2 kamili, yaani 2,147,483,648, namba ileile ya biti ya 32. Ilipoingia ndani ya int ikawa hasi 2,147,483,648. Fanksheni ikahesabu mwisho wa kibweta kwa kujumlisha namba hiyo, ikajikuta gigabaiti 2 nyuma ya mwanzo wake, ikarudi nyuma baiti 10 zaidi, na hapo ikaandika maneno //deleted, ambayo huwekwa kwenye folda iliyofutwa.

Baiti 10, zisizochaguliwa na mshambuliaji, zilizoandikwa mahali asipopaswa kufika. Qualys walionyesha kwamba zinatosha. Mtumiaji wa kawaida, asiye na ruhusa yoyote maalumu, aliweza kujifanya msimamizi mkuu wa mashine kwenye Ubuntu, Debian na Fedora za wakati ule. Dawa ya haraka ilikuwa kukataa kibweta chochote kinachokaribia gigabaiti 2. Kizuizi kama hicho kipo pia kwenye kusoma na kuandika kwa kawaida: hata kwenye mashine ya biti 64, Linux haihamishi zaidi ya baiti 2,147,479,552 kwa ombi moja. Kikomo hicho kimewekwa kwa kutambua kwamba ndani kabisa, kwenye msimbo ambao hakuna aliyeukagua wote, bado kuna int.

Msimamizi wa kumbukumbu hukutana na jambo hili kila siku anapohesabu kurasa. Kwenye kompyuta za kawaida ukurasa mmoja una baiti 4,096. Fanksheni ikipokea idadi ya kurasa kama int na kuizidisha kwa 4,096 ili ipate baiti, hesabu inafurika idadi inapofika kurasa 524,288, yaani gigabaiti 2. Msimbo ulioandikwa wakati gigabaiti 2 ilikuwa ndoto unaendeshwa leo kwenye seva zenye RAM ya terabaiti. Hakuna aliyeuharibu. Kumbukumbu ndiyo iliyokua ikaupita.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi kila int isigeuzwe long, tukamaliza? Jibu liko kwenye kisa cha mwaka 2019. Kila ukurasa wa kumbukumbu una daftari lake dogo ndani ya kerneli, na humo kuna hesabu ya wangapi wanaoutumia ukurasa huo. Hesabu hiyo ina biti 32. Jann Horn wa Google alionyesha kwamba kwenye mashine yenye RAM ya takriban gigabaiti 140 mtu anaweza kuongeza watumiaji wa ukurasa mmoja mpaka hesabu izunguke na kurudi kwenye sufuri. Kerneli ikiona sufuri huamini kwamba ukurasa hauna mwenyewe, humpa mwingine, na wawili hujikuta wameshika kumbukumbu moja.

Hesabu hiyo haikupanuliwa iwe na biti 64, kwa sababu nzuri. Daftari la ukurasa lina baiti 64 kwa kila baiti 4,096 za RAM. Mashine ya gigabaiti 64 hutumia gigabaiti 1 nzima kwa madaftari hayo peke yake. Kila baiti unayoiongeza hapo unaizidisha kwa mamilioni. Torvalds aliweka ukaguzi: hesabu ikifika eneo la hatari, ombi jipya la kuushika ukurasa linakataliwa. Nakubaliana na uamuzi ule. Kulinganisha aina hakumaanishi kupanua kila kitu. Maana yake ni kuamua upana mara moja, kwa hesabu, kisha kila mahali pafuate uamuzi huo.

Kinachochelewesha kazi hii ni mchanganyiko wa kompaila na watu. Kompaila zina onyo la kueleza kila mahali ambapo namba pana inaingizwa ndani ya nyembamba, lakini ukiliwasha kwenye kerneli nzima linatoa maonyo mengi mno kiasi kwamba ya kweli yanazama ndani ya yasiyo na madhara, na kwa hiyo huachwa limezimwa. Tena jina kama vm_flags_t, kwa kanuni za C, ni jina la pili tu la unsigned long; ukiingiza int mahali pake, kompaila haitakukemea.

Kwa upande wa watu, kiraka kinachobadilisha aina katika faili thelathini hugongana na viraka vya wenzako wanaofanya kazi kwenye faili hizohizo. Hufanya iwe vigumu kurudisha marekebisho kwenye matoleo ya zamani. Huharibu historia ya nani aliandika mstari gani na kwa nini. Wasimamizi wanaosema "msiguse kisichovunjika" wana hoja, na nimewaheshimu siku zote. Ila VM_MERGEABLE ilikuwa kisichovunjika kwa miaka zaidi ya kumi. Na gharama ya kuugusa msimbo haipungui kwa kungoja. Kila mwaka faili huongezeka, na mikono mipya hujifunza kutoka kwenye mifano mibovu iliyoikuta.

Njia iliyofanya kazi vizuri zaidi ninayoijua ilipita mwaka 2005. Kila anayeomba kumbukumbu ndani ya kerneli hutoa alama za namna ya kuipata: je, anaweza kungoja, je, anaruhusiwa kusababisha uandishi diskini. Alama hizo nazo zilikuwa zikipitishwa kama int huku na unsigned int kule, na mara nyingine zilibadilishana nafasi na ukubwa unaoombwa bila kompaila kutambua, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa namba. Al Viro alizipa aina yake, gfp_t, na kuifungia kwenye sparse, chombo cha ukaguzi ambacho Torvalds alikianza mwaka 2003. Tangu hapo, ukichanganya gfp_t na namba ya kawaida, sparse inakuonyesha mstari. Huko ndiko kulinganisha aina kunakostahili kufika: jina moja, lililoenezwa kote, likiwa na chombo kinacholilinda watu wanapochoka.

Hatua nyingine zimefuata. Tangu 2018 kerneli ina fanksheni za kuzidisha na kujumlisha ukubwa wa kumbukumbu ambazo hazizunguki hesabu inapofurika, kazi iliyosukumwa sana na Kees Cook. Tangu Desemba 2022, kwa toleo la 6.1, inapokea msimbo wa Rust, lugha isiyokubali namba ya aina moja iingie mahali pa nyingine bila mwandishi kusema wazi kwamba anaigeuza. Lakini sehemu kubwa mno ya msimbo wa kumbukumbu ingali C, na itabaki C kwa miaka mingi.

Kwa hiyo namgeukia kijana anayesoma C leo katika chuo chochote, Dodoma, Eldoret au Bukavu. Msimbo wa Linux uko wazi, na faili la include/linux/mm.h husomeka na mtu mwenye subira. Ufungue. Fuata namba moja tu, kutoka pale inapotangazwa mpaka fanksheni ya mwisho inayoipokea, ukiandika pembeni aina yake katika kila hatua. Ukikuta imeingia unsigned long na kutoka int, jiulize ni thamani gani kubwa kabisa inayoweza kupita hapo leo, na ipi itaweza kupita RAM ikiongezeka mara kumi. Kama jibu linazidi 2,147,483,647, andika kiraka, eleza hesabu yako kwa ufupi, na ukipeleke kwa wasimamizi.